Oili ya Giaboksi na Joto la Njia ya Mchanga

Utangulizi

Katika Kata ya Malolo, Wilaya ya Ruangwa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya wilaya hiyo na vya jirani yake Nachingwea, mkulima hana budi kutegemea lori. Ufuta huvunwa mvua zinapokwisha. Korosho hufuata kuanzia mnamo Oktoba, wakati ardhi imekauka na mchanga wa njia za mashambani umelegea. Mzigo usipotoka kabla ya mvua za Novemba na Desemba, mchanga hugeuka tope, na korosho iliyopata unyevu hushuka daraja. Kwa hiyo lori linapovunjika giaboksi katikati ya msimu, si mwenye lori peke yake apataye hasara. Kijiji kizima huipata.

Nachingwea ina historia ndefu ya mashine na ardhi ngumu. Mwaka 1947 Waingereza walianza kutekeleza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, na maeneo yake matatu makubwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine nyingi zilikuwa masalio ya Vita Kuu ya Pili. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Huko Kongwa udongo wenye mchanga mkali ulikwangua vyuma, na wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji. Sehemu kubwa ya matrekta ya kwanza iliharibika mapema, na Januari 1951 mpango ukavunjwa. Reli iliyojengwa kuiunganisha Nachingwea na pwani nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mzigo wa Nachingwea umebebwa kwa magurudumu ya mpira.

Sababu za kushindwa kwa mpango ule zilikuwa nyingi, lakini moja yatuhusu katika somo hili: mashine haiwezi kutunzwa na mtu asiyejua joto lake hutoka wapi na huenda wapi. Miongoni mwa wenye magari iko imani kwamba oili iliyo nzito zaidi ndiyo kinga iliyo bora zaidi, hasa katika nchi ya joto kama yetu. Shabaha ya makala haya ni kuipima imani hiyo kwa kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Tutaona kwamba uzito wa oili si kipimo cha ubora wake, na kwamba adui mkubwa wa giaboksi katika njia ya mchanga ni joto.

1. Kazi ya oili ndani ya giaboksi

Injini hutoa nguvu ikizunguka kwa kasi, lakini magurudumu ya lori lililosheheni huhitaji kuzunguka polepole kwa msukumo mkubwa. Giaboksi ndicho kiungo cha kubadilisha kasi kuwa msukumo. Ndani yake magurudumu ya meno hukamatana na kusukumana, na shafti huzunguka juu ya beringi. Meno hayo hayagusani tu, bali pia huteleza moja juu ya jingine yakiwa chini ya mgandamizo mkubwa mno.

Oili hufanya kazi nne. Kwanza, huweka utando mwembamba baina ya chuma na chuma, ili vyuma visisagane. Pili, huchukua joto kutoka mahali linapozaliwa na kulipeleka kwenye kuta za giaboksi au kwenye kipozaji. Tatu, huzuia kutu na kubeba chembe za chuma zilizokwanguka. Nne, katika giaboksi ya otomatiki, oili yenyewe ndiyo hupitisha nguvu na kusukuma klachi za ndani. Kila mara tunapochagua oili tunazichagulia kazi hizi zote kwa pamoja, wala si kazi ya kwanza peke yake.

2. Mnato na jotoridi

Sifa ya kioevu ya kukataa kutiririka huitwa mnato. Asali ina mnato mkubwa. Maji yana mnato mdogo. Mnato wa oili hubadilika sana jotoridi linapobadilika. Oili ya gia ya namba 80W-90, kwa mfano, ina mnato wa takribani sentistoki 140 katika nyuzi 40 za Sentigredi, lakini katika nyuzi 100 hubaki na sentistoki 15 hivi. Yaani kwa kupanda nyuzi 60 tu, imepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za mnato wake.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila chombo cha gharama.

Jaribio la kwanza. Chukua kopo safi na ulitoboe tundu moja chini kwa msumari mwembamba. Ziba tundu kwa kidole, mimina mililita 100 za oili ya gia iliyo na jotoridi la chumba, kisha achia tundu na uhesabu sekunde mpaka oili iishe kutiririka na kuanza kudondoka. Kinga oili katika chombo kingine. Kisha weka chombo hicho ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka kipimajoto kionyeshe kwamba oili imefika nyuzi 60, na urudie kipimo. Oili isipashwe moja kwa moja juu ya moto, kwani yaweza kuwaka. Rudia kwa oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki na uandike matokeo yote katika jedwali.

Wanafunzi wataona mambo mawili. Kwanza, oili ile ile ni nzito asubuhi na nyepesi mchana wa kazi. Pili, tofauti baina ya oili mbili, iliyo kubwa zikiwa baridi, hupungua sana zinapopata moto. Mtu anayeichungulia oili dukani na kuisifu kwa kuwa nzito ameihukumu katika jotoridi ambalo haitafanyia kazi.

Tena, unene wenyewe una gharama. Gia zinazozunguka ndani ya oili nene kupita kiasi hutumia nguvu kuikoroga, na nguvu hiyo yote hugeuka joto. Oili nene pia hutiririka kwa shida kuingia katika beringi nyembamba. Kwa upande mwingine, oili nyepesi mno hukatika utando wake chini ya mgandamizo, na vyuma hugusana. Kwa hiyo unene ufaao ni ule ambao mtengenezaji wa giaboksi aliukusudia alipokadiria nafasi baina ya vyuma.

3. Joto hutoka wapi?

Kanuni ya kuhifadhika kwa nishati yatufundisha kwamba nishati haipotei. Ile tunayoita kuwa imepotea katika giaboksi imegeuka kuwa joto. Hebu tufanye hesabu ya lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo wake. Kani ya uzito wake ni takribani nyutoni 100,000.

Katika barabara ya lami, ukinzani wa magurudumu ni kama mia moja ya uzito, yaani nyutoni 1,000. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, au mita 17 kwa sekunde, upepo huongeza ukinzani wa karibu nyutoni 1,000 nyingine. Nguvu inayohitajika kwenye magurudumu ni:

2,000 × 17 = wati 34,000, yaani kilowati 34.

Katika mchanga uliolegea, ukinzani wa magurudumu waweza kufikia sehemu moja ya tano ya uzito, yaani nyutoni 20,000. Lori likitambaa kwa mita 3 kwa sekunde, karibu kilomita 11 kwa saa, nguvu inayohitajika ni:

20,000 × 3 = wati 60,000, yaani kilowati 60.

Tukikadiria kwamba asilimia 3 ya nguvu hugeuka joto ndani ya giaboksi ya mkono, basi katika lami giaboksi hupokea kilowati 1 ya joto, na katika mchanga kilowati 1.8. Joto limekaribia kuongezeka maradufu. Lakini upepo unaopita chini ya lori umepungua kutoka mita 17 hadi mita 3 kwa sekunde, yaani umebaki kiasi cha moja ya sita. Hapo ndipo ilipo siri ya njia ya mchanga: joto huongezeka wakati uleule ambapo njia ya kulitoa hupungua. Dereva anayeona mshale wa mwendo ukisoma kilomita 11 hudhani kwamba anaipumzisha mashine, kumbe anaitesa.

Giaboksi hiyo ikiwa na lita 10 za oili, uzito wa oili ni karibu kilo 8.5. Kilo moja ya oili huhitaji kilojuli 2 hivi ili jotoridi lake lipande kwa uzi mmoja. Kwa hiyo kilojuli 17 huipandisha oili yote uzi mmoja, na kilowati 1.8 zingeipandisha karibu nyuzi 6 kwa dakika kama joto lisingetoka wala kunyonywa na chuma. Kwa kweli chuma hunyonya sehemu kubwa na hewa huchukua nyingine, na ndiyo maana giaboksi ya mkono iliyo nzima huvumilia. Lakini huvumilia kwa muda, na kwa sharti kwamba kuta zake ni safi na oili imefika kipimo chake.

4. Giaboksi ya otomatiki: hatari iliyo kubwa zaidi

Malori mengi ya kazi nzito nchini yana giaboksi ya mkono. Hata hivyo, magari mengi madogo na ya magurudumu manne yaletwayo kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika yana giaboksi ya otomatiki, na magari hayo nayo hupita njia za mashambani. Yafaa tuelewe kwa nini joto lake ni la namna nyingine.

Baina ya injini na gia za otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Pana chombo cha mviringo kilichojaa oili, kiitwacho konveta. Ndani yake mapanga ya upande wa injini huirusha oili kwa nguvu kwenye mapanga ya upande wa gia, na hayo huzunguka, kama vile maji yanavyozungusha tabo. Chombo cha namna hiyo kilivumbuliwa na mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekipatia hataza mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kutengenezwa kwa wingi. Hiyo nayo ilipitisha nguvu kwa oili, ijapokuwa kwa kiungo chepesi zaidi kisichoongeza msukumo.

Kasi za pande mbili za konveta zinapokaribiana, hasara ni ndogo. Lakini gari linapokwama mchangani na dereva akaendelea kukanyaga mafuta, upande wa injini huzunguka na upande wa magurudumu husimama. Hapo nguvu yote inayoingia katika konveta hugeuka kuwa joto ndani ya oili. Injini ikitoa kilowati 60 kwa sekunde 10 katika hali hiyo, oili hupokea kilojuli 600. Kwa lita 10 za oili, tukigawanya kwa 17, tunapata mpando wa nyuzi 35 katika sekunde 10 tu.

Hata bila kukwama, hali si njema. Gari la tani 3 likipita katika mchanga ule ule kwa mita 3 kwa sekunde huhitaji kilowati 18 kwenye magurudumu. Konveta ikipitisha asilimia 60 ya nguvu, injini italazimika kutoa kilowati 30, na kilowati 12 zitabaki ndani ya oili kama joto. Bila kipozaji, oili ingepanda karibu nyuzi 42 kwa dakika. Linganisha nyuzi hizo 42 na nyuzi 6 za giaboksi ya mkono ya lori la tani 10. Ndiyo maana giaboksi ya otomatiki huwa na bomba za kupeleka oili kwenye kipozaji, na giaboksi nyingi za mkono hazina.

5. Joto huifanyia nini oili?

Oili ikipata moto mbele ya hewa huungana na oksijeni. Huwa nyeusi, hutoa asidi na utomvu unaoziba njia nyembamba. Wanakemia hutumia kanuni ya makadirio kwamba kasi ya badiliko la namna hii huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Kwa mfano, oili ambayo ingedumu kilomita 64,000 katika nyuzi 90, ikifanya kazi katika nyuzi 100 itadumu kilomita 32,000. Katika nyuzi 110, kilomita 16,000. Katika nyuzi 120, kilomita 8,000. Na katika nyuzi 130, kilomita 4,000. Hesabu hii si sheria kamili, lakini mwelekeo wake ni wa kweli.

Oili ya otomatiki hufanya kazi vyema katika nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikipita nyuzi 120, kuharibika kwake huwa kwa haraka, na sili za mpira huanza kukauka na kuwa ngumu. Ikikaribia nyuzi 150, klachi za ndani huteleza na kuungua. Kuteleza huko huzaa joto jingine, na joto hilo huzidisha kuteleza, mpaka gari lisimame.

6. Namna ya kuchagua oili

Kanuni ya kwanza ni kusoma kitabu cha gari, au maandishi yaliyo juu ya giaboksi yenyewe. Humo mtengenezaji ametaja mambo mawili tofauti: namba ya mnato na daraja la oili. Yote mawili hayana budi kutimizwa.

Namba ya mnato hutolewa na Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE. Katika 80W-90, sehemu yenye herufi W yahusu hali ya baridi, na 90 yahusu mnato katika nyuzi 100. Yafaa ieleweke kwamba namba za oili ya gia na namba za oili ya injini ni mizani mbili mbalimbali. Oili ya gia ya namba 90 haizidi sana kwa mnato oili ya injini ya namba 40 au 50. Anayedhani kwamba 90 ni nzito maradufu kuliko 40 amechanganya mizani. Baadhi ya vitabu huruhusu namba ya juu zaidi, kama vile 140, kwa nchi za joto. Kitabu kikiruhusu, ni halali. Kisiporuhusu, si halali kuiongeza kwa kubahatisha.

Daraja laeleza dawa zilizotiwa ndani ya oili. Oili za gia hupewa alama GL na tarakimu. Zinazotumika zaidi ni GL-4 na GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi kwa ajili ya mgandamizo mkali, na hufaa hasa kwa difu. Lakini giaboksi nyingi za mkono zina pete za aloi ya shaba zinazolinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijakamatana. Dawa nyingi za GL-5 zaweza kuila shaba hiyo, na utelezi wake huzuia pete zisishike upesi. Dereva husikia gia ikikwaruza na kudhani kwamba oili ni nyepesi, akaongeza nzito, na hali ikazidi. Kwa hiyo GL-5 si “GL-4 iliyo bora zaidi”. Ni oili ya kazi nyingine, isipokuwa pale mtengenezaji anapoikubali katika giaboksi yake.

Oili ya otomatiki, ijulikanayo kwa herufi ATF, ina mnato mdogo sana: sentistoki 7 hivi katika nyuzi 100. General Motors ilitoa kiwango chake cha Type A mwaka 1949, kisha Dexron katika miaka ya 1960. Watengenezaji wengine nao wana viwango vyao. Tofauti zao hazionekani kwa macho, kwa sababu zimo katika dawa zinazoamua klachi za ndani zishike kwa ghafla au kwa upole. Zamani mojawapo ya dawa hizo ilikuwa mafuta ya nyangumi. Marekani ilipopiga marufuku matumizi yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakemia walilazimika kutafuta nyingine.

Rangi nyekundu ya oili hiyo ni rangi ya kutiwa tu, ili isichanganywe na oili ya injini. Haithibitishi kiwango. Wala si kweli kwamba kila giaboksi ya mkono hutaka oili nzito: giaboksi ya mkono aina ya LT77, iliyofungwa katika Land Rover za miaka ya 1980, ilikusudiwa kutumia oili nyekundu ya otomatiki. Mtu akiimwagia oili ya namba 140 kwa nia ya kuilinda, ameiharibu kwa mkono wake.

Mwisho, oili za viwango tofauti zisichanganywe. Kopo linunuliwe likiwa na kifuniko kisichovunjwa, lenye jina la daraja na namba vilivyoandikwa wazi, na alama ya Shirika la Viwango Tanzania pale inapotakiwa. Oili ya kupimiwa kutoka katika pipa lisilo na maandishi ni rahisi siku ya kununua, na ghali siku ya kufungua giaboksi.

7. Namna ya kuipoza giaboksi

Joto hutoka katika giaboksi kwa kupita katika chuma, kuchukuliwa na hewa ipitayo, na kuangazwa kutoka juu ya kuta. Njia iliyo muhimu zaidi kwa gari ni hewa ipitayo.

Jaribio la pili. Jaza makopo mawili yaliyo sawa kwa maji ya nyuzi 70. Yafunike yote mawili na upitishe kipimajoto katika kila kifuniko. Kopo moja liache mahali pasipo upepo; jingine lipepee kwa kipepeo cha jikoni bila kukoma. Andika jotoridi kila baada ya dakika moja kwa dakika 15 na uchore grafu. Tofauti ya mikunjo miwili ndiyo tofauti baina ya lori lililo mwendoni barabarani na lori linalotambaa mchangani.

Kutokana na hayo, hatua zifuatazo zapendekezwa:

(a) Punguza joto kabla halijazaliwa. Tumia gia nzito mapema, kabla lori halijaanza kuzama. Katika gari la magurudumu manne, tumia gia za chini za kazi nzito, kwani konveta huteleza kidogo zaidi.

(b) Punguza upepo wa matairi unapoingia mchanga mrefu, kwa kiasi kinachoruhusiwa na kitabu cha gari. Tairi pana huzama kidogo na ukinzani hupungua. Mtu ahakikishe ana pampu ya kuurudisha kabla ya kuingia barabara ngumu, kwa maana tairi laini likienda kasi huungua na laweza kupasuka.

(c) Usizidishe mzigo. Hesabu ya sehemu ya 3 yaonyesha kwamba ukinzani huongezeka sawasawa na uzito. Magunia ya ziada hulipiwa kwa joto.

(d) Gari likikwama, usiendelee kukanyaga mafuta. Shuka, chimba mchanga mbele ya magurudumu, tandika matawi au mbao, kisha ujaribu tena.

(e) Safisha kipozaji na rejeta. Mbegu za nyasi, vumbi na tope hujaza nafasi baina ya mapezi, na hewa hukosa njia. Puliza au osha kutoka upande wa injini kwenda nje. Tope lililokauka juu ya kuta za giaboksi nalo liondolewe.

(f) Gari la otomatiki likizidi joto, lisimamishe kivulini, weka gia huru na uiache injini izunguke polepole kwa dakika kadhaa. Pampu ya oili huendeshwa na injini. Ukiizima mara moja, oili haiendi tena kwenye kipozaji. Lakini kama oili inavuja au rejeta inachemka, injini izimwe.

(g) Usimwagie giaboksi ya moto maji baridi. Kuta za aluminiamu zaweza kupasuka. Vivyo hivyo, kabla ya kuvuka korongo lenye maji mengi, acha giaboksi ipoe kwanza. Hewa ya ndani inapopozwa kwa ghafla husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio na sili.

(h) Palipo na kazi nzito ya kila siku, kipozaji cha ziada chaweza kufungwa mbele ya rejeta, mahali penye hewa. Kwa otomatiki, kipimajoto cha oili ni chombo cha thamani kuliko mapambo yote ya gari.

8. Kupima na kutambua dalili

Kipimo cha oili kifuate kitabu. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa na gia za juu hukosa utando. Ikizidi, gia huikoroga mpaka itoke povu, na povu halibebi joto wala mzigo. Oili ya giaboksi ya mkono hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa. Oili ya otomatiki nyingi hupimwa ikiwa moto na injini inazunguka, lakini zipo zinazotaka kinyume. Kitabu ndicho mwamuzi.

Tone la oili juu ya karatasi nyeupe hueleza mengi. Rangi ya kahawia iliyokolea pamoja na harufu ya kuungua huonyesha joto lililozidi. Rangi ya maziwa huonyesha maji. Chembe zing'aazo zenye rangi ya shaba huonyesha kwamba pete za kulinganisha mwendo zinaliwa. Dalili hizi zikionekana mwezi wa Agosti, pana muda wa kutengeneza. Zikipuuzwa, zitajieleza zenyewe Novemba, lori likiwa limejaa magunia.

Oili chakavu isimwagwe ardhini wala karibu na kisima, kwani huharibu maji kwa muda mrefu, na kuigusa mara kwa mara ni hatari kwa ngozi na afya. Ikusanywe katika chombo kinachofungwa na kupelekwa kwa wanaoikusanya.

Hitimisho

Tumeona kwamba oili hupoteza sehemu kubwa ya mnato wake inapopata moto. Kwamba njia ya mchanga huzaa joto jingi na kunyima hewa. Na kwamba daraja la oili lina uzito kuliko unene wake. Anayetaka giaboksi idumu hana budi kutia oili iliyotajwa na mtengenezaji, kwa kipimo chake, kisha akapambana na joto lenyewe: mzigo wa haki, gia ifaayo, kipozaji safi na mapumziko kwa wakati wake. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji elimu, na elimu hiyo imo katika masomo ya fizikia na kemia ya shule za sekondari. Mwanafunzi wa Malolo anayeweza kuyaeleza hayo kwa dereva wa kijiji chake amekwisha kuisaidia korosho kufika sokoni.

Maswali ya mazoezi

1. Lori la tani 8 linapita katika mchanga wenye ukinzani wa sehemu moja ya tano ya uzito kwa mita 2.5 kwa sekunde. Tafuta nguvu inayohitajika kwenye magurudumu.

2. Ikiwa asilimia 3 ya nguvu hiyo hugeuka joto katika giaboksi yenye kilo 8.5 za oili, oili ingepanda nyuzi ngapi kwa dakika kama joto lisingetoka? Kwa nini mpando halisi ni mdogo kuliko huo?

3. Oili hudumu kilomita 40,000 katika nyuzi 90. Kwa kanuni ya makadirio, itadumu kilomita ngapi katika nyuzi 120?

4. Dereva asema: “Gia inakwaruza, basi nitatia oili nzito zaidi.” Mpe jibu kwa kutumia maelezo ya sehemu ya 6.

5. Kwa nini kuizima injini mara moja si njia nzuri ya kuipoza giaboksi ya otomatiki isiyovuja?